Uso wa Mama Kwenye Kioo

Bukavu, 4 Machi 2023

Kaka Ephraïm,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mguu wako umepoa? Sisi wazima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike Mama.

Matanga tutayamaliza baada ya Pasaka. Ukoo umekubaliana tuvae mashati yenye sura yake kifuani. Picha za hapa ziliungua vitani, wajua. Imebaki ile ya studio uliyokimbia nayo, Mama amekupakata. Mpe binamu yetu Jasper, anayekuletea barua hii. Atarudi huku na basi akishanunua vitenge vyake. Wanangu hawajawahi kumwona bibi yao akiwa kijana.

Mdogo wako,
Nabintu


Makindye, Kampala, 18 Machi 2023

Mdogo wangu Nabintu,

Amani iwe nanyi. Mguu unalia mvua ikikaribia, lakini natembea. Huku masika yameanza, kuta zinatoa jasho.

Kuhusu picha, usiwe na haraka. Picha ya karatasi haipendi safari. Hushikwa pembeni, maana kidole huacha mafuta. Hulazwa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, bahasha ndani ya sanduku, sanduku juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Basi lina joto na vumbi. Nitatafuta njia iliyo salama. Jasper nimemwambia hivyo hivyo.

Kaka yako


Bukavu, 2 Aprili 2023

Kaka,

Hujambo wewe na mguu wako? Nilikuomba picha, ukanitumia somo. Shangazi alicheka: "Mwalimu huyu hajastaafu!" Mimi sikucheka. Jasper anasema juu ya kochi lako pana fremu tupu, na alipokunywa chai ulisimama mbele ya fremu hiyo muda wote.

Uliitundika, siyo? Kama imegandia kioo, usiivute. Na kama umeshaivuta, uso ukabaki kwenye kioo, usiguse kitu. Weka karatasi nyeupe nyuma, mpiga picha ataipiga kupitia kioo. Hapa wamewahi kufanya hivyo. Sitakugombeza. Niambie tu.

Nabintu


Makindye, 9 Aprili 2023

Nabintu,

Hali nitakuuliza mwishoni, nikiweza.

Niliitundika kwa ajili ya wageni wa kanisani. Kila wanaponitambulisha husema, "Mkimbizi wetu." Nilitaka wamwone Mama kwenye kiti cha studio, wajue tulikuwa na kwetu. Nikaondoa hata kadibodi inayotenga picha na kioo, kwa sababu ilificha upindo wa gauni lake. Nilijua haifai. Hilo ndilo linaloniuma.

Ukuta ulilowa. Jasper aliponiletea barua yako ya kwanza na kuahidi kurudi kuichukua picha, niliivuta. Macho, mdomo na kilemba vikabaki kwenye kioo. Kisha nikasikia Jasper anabisha. Nikakiosha kioo kwa sabuni, asione.

Barua yako ya pili imekuta kioo safi.

Nakutumia kilichobaki. Nimekitia kwenye bahasha inayofaa. Mnaendeleaje?

Kaka yako


Bukavu, 24 Aprili 2023

Kaka,

Sisi wazima. Barua yako niliisoma peke yangu.

Tulichapisha kilichobaki: gauni, wewe mtoto, na mikono ya Mama imekuzunguka. Shangazi alipokiona kile kidole cha Mama kilichopinda, alianza kulia kabla padri hajafungua kinywa. Wanangu waliuliza uso uko wapi. Nimewaambia wamuulize mjomba wao.

Shati lako hili hapa.

Nabintu


Makindye, 7 Mei 2023

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa watoto. Shati lilipofika nililikunja, nikaliweka sandukuni, juu ya rafu, mbali na ukuta. Unanijua.

Leo nimelitoa, nikalivaa kanisani. Mama Phelister, anayekaa nyuma yangu, akaniuliza mlangoni, "Mzee, huyu mama mbona hana sura? Waliochapisha walikosea?"

Nilitamani kusema ndiyo.

"Ni mama yangu," nikamwambia. "Uso niliuosha mimi."

Wape watoto simu. Wakiniuliza, nitawajibu.

Kaka yako