Msumari Nyuma ya Dashibodi

Mama Ruthi, mke wangu,

Kabla ya salamu: usiliwashe gari. Kama unaisoma barua hii hapo dukani Maji ya Chai ambapo kondakta wa basi ameiacha, na gari umeliegesha nje, liache hapo hapo. Chomoa waya wa betri, urudi nyumbani kwa miguu. Nyanya zikioza zioze, na soko la Tengeru litakuwepo Jumatano nyingine. Ruthi asikae ndani ya gari hilo hata kwa kucheza. Simu ya usharikani nimeipiga jana na leo, haiiti. Sababu nitakueleza, lakini unanijua, sifiki kwenye neno bila kulizunguka kwanza.

Sasa salamu. Hamjambo nyote hapo nyumbani? Mguu wa mama unaendeleaje, na baridi inayoshuka kutoka mlimani imepungua au bado mnalala na makoti? Mimi mwili ni mzima, joto la Dar es Salaam nimelizoea. Roho ndiyo inayoumwa, na wewe ndiye uliyeiumiza, ingawa nakiri hukukusudia.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Ulitegemea jibu upesi, nami sikujibu kwa sababu ya wivu. Nalisema wazi ili usihangaike kutafuta sababu nyingine. Ulikuwa umeandika kurasa mbili, na humo jina la Zakaria nimelihesabu mara tisa. Langu liko mara moja tu, kule juu kwenye "Mpendwa". Zakaria amekuja. Zakaria amelala chali chini ya dashibodi saa nzima. Zakaria amebadilisha kebo ya spidi, na ule mlio kama wa kifaranga umekwisha. Zakaria ana mita ya kupimia umeme, akigusa waya inaandika namba. Zakaria amekula loshoro, mahindi yetu yale yale ya maziwa mgando, ameisifu. Mama Ruthi, mwanamume hasifu loshoro kwa sababu ya loshoro.

Au unadhani nimesahau? Si ndiye aliyekuwa anasimama nyuma yako kwenye kwaya ya vijana, sauti ya nne, na kila wimbo mpya akawa hana karatasi, mpaka akuinamie asome ya kwako? Leo ana gereji Kikatiti na cheti cha chuo cha ufundi. Cheti changu mimi ni haya makovu ya moto kwenye vidole. Niliisoma barua yako mara nne, na kila mara nikamwona amelala kwenye gari langu, miguu nje, viatu vimeng'arishwa. Kama viatu vyake havikung'arishwa, nisamehe, mimi nilivyoviona viling'aa.

Lakini hayo yote ningeyameza. Lililonikaa kooni ni lile uliloandika ukurasa wa pili: "Nimemwambia mafundo mawili ni honi na matatu ni wipa, akafurahi sana."

Umemwambia! Mama Ruthi, yale yalikuwa yetu. Unakumbuka mwaka ule wa uhaba, sabuni yenyewe ya foleni, nilipolinunua lile pijo pikapu kwa yule mzee wa kahawa likiwa waya zake zote zimeliwa na panya? Arusha nzima hapakuwa na waya wa gari hata wa dawa. Nikapata roli moja ya waya nyeusi, nikalifunga gari zima kwa rangi moja. Ili nisipotee, kila waya nikaizungushia uzi na kupiga mafundo: moja taa ndogo, mawili honi, matatu wipa, manne taa kubwa. Uzi ulitoka kwenye sweta langu la zamani ulilokuwa unalifumua. Ulikuwa na mimba ya Ruthi, umekaa kwenye kigoda kando ya mlango wa gari, umenishikia tochi, na badala ya kumulika waya ukawa unanimulika machoni. Tulicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kama tumeokota kitu. Sikuwaza kwamba siku moja mwanamume mwingine ataingiza vidole humo ahesabu mafundo yetu, na kwamba wewe ndiye utakayemfundisha kuhesabu.

Nilipozidiwa nikamsimulia Mama Zuhura, yule mama anayetupikia hapa yadi. Nilidhani atanipoza.

"Mara tisa?" akauliza, mwiko umesimama hewani.

"Tisa."

"Na wewe mara moja?"

"Moja, kwenye salamu."

"Loo, baba! Basi hapo huna mke, una jirani."

Wenzangu walicheka mpaka wali ukapoa. Tangu siku hiyo kazini siitwi tena Fundi Anaeli. Naitwa Jirani. Tajiri mwenyewe ananiita Jirani, na wateja wanadhani ndilo jina nililobatizwa.

Sasa nifike kwenye jambo. Kazi yangu hapa unaijua: magari yaliyokwisha kutumika yanashushwa bandarini kutoka Japani na Dubai, nasi tunayafungia redio na alamu. Huku chini ya dashibodi hakuna anayehesabu mafundo. Waya zina rangi zote za kanga, na kila moja ina soketi yake, unasukuma tu inajibu. Juzi nilikuwa nafunga redio kwenye gari dogo jeupe la mwalimu mmoja, mwenyewe ameketi kiti cha mbele anasoma gazeti. Mikono yangu ilikuwa inafunga, kichwa kinakuandikia wewe barua. Barua mbaya. Nilikuwa nimefika pale ninapokuamuru Zakaria asikanyage tena uwanja wangu, na nikikosa kusikilizwa nitajua la kufanya. Kwa hasira hizo nikaunganisha waya ya redio moja kwa moja kwenye umeme wa betri bila kuweka fyuzi, kisha skrubu ikaibana. Nilipowasha, ikapiga shoti, moshi ukatoka chini ya dashibodi, na kabla sijafika kwenye betri mkeka wa sakafuni ulikuwa umeshika moto. Mwalimu alitoka suruali inafuka. Hakuumia, Mungu mkubwa, lakini kiti kimekwisha.

"Wewe Jirani!" tajiri akapiga kelele. "Fyuzi iko wapi?"

 Nilikuwa nimesimama pale nanusa. Ile harufu nilikuwa nimeisoma mahali, nikakumbuka ni kwenye barua yako. Nilikwenda kuitafuta mfukoni mwa koti, nikaikuta chini kabisa ya ukurasa wa pili, mstari mmoja: "Tukiwasha taa kubwa kunanuka raba inayoungua, na Ruthi anasema miguu yake inapata joto." Barua hiyo niliisoma mara nne, Mama Ruthi. Mstari huo niliupita mara zote nne kwa kuwa haukuwa na jina la Zakaria.

Sikiliza basi nisiyowahi kukuambia. Siku ile ya tochi, uliingia jikoni kuniletea uji. Fyuzi ya taa kubwa ilikuwa imekatika mara ya tatu, sikuwa na nyingine, na madukani hazikuwepo. Nikakata kipande cha msumari, nikakipachika mahali pa fyuzi. Taa zikawaka. Uliporudi ulipiga makofi, nikayapokea. Nilikusudia kuutoa wiki iliyofuata. Fyuzi kazi yake ni kukatika ili waya isiungue. Msumari haukatiki, kwa hiyo kinachoungua ni kingine chochote kilicho karibu, na msumari huo uko upande wa abiria, juu ya miguu ya mtoto wetu.

Mwambie Zakaria hivi, na ikiwezekana mpe asome mwenyewe kuanzia hapa. Atoe kijidroo cha mbele ya abiria. Nyuma yake ataona kibao cha mbao nilichokichonga, kina nafasi nne za fyuzi. Ya mwisho kushoto si fyuzi. Baada ya hapo aifuate waya ya mafundo manne mpaka inapopenya kwenye bati la kuelekea injini. Raba ya lile tundu imekwisha, waya inasuguana na bati, na gari likiruka kwenye mashimo inapiga shoti. Ndiyo maana fyuzi zilikuwa zinakatika tangu mwanzo, nami badala ya kuuliza kwa nini zinakatika nikaweka kitu kisichokatika. Sasa imepata moto na kuziyeyusha waya zilizo karibu nayo, zimegandana. Ndiyo maana, kama ulivyoniandikia, ukikanyaga breki wipa zinacheza, na ukiwasha indiketa honi inalia. Yeye amekuambia ni ethi mbovu, yaani ile waya ya kurudisha umeme kwenye bodi. Kwa anayoyaona, hata mimi ningesema hivyo, mita yake isingeweza kumwambia lililo nyuma ya kijidroo.

Akishaona, azikate waya zangu zote. Zote kabisa. Aweke za rangi, na fyuzi halisi kila mahali. Asiache hata fundo moja kwa kunihurumia.

Ila wewe usimshikie tochi. Kaka yako aliyekufundisha kuendesha yupo, ashike yeye. Hilo naliomba kama mume.

Utaniuliza mbona sikubadilisha mwenyewe. Uhaba ulikwisha nikiwa hapo hapo nyumbani. Ilipokuja ruksa ya kuagiza bidhaa nje, maduka ya mjini yakajaa waya za kila rangi na fyuzi za vifurushi, na nilikaa na ninyi miaka miwili mizima kabla ya kuja huku. Jumamosi moja ingetosha. Kwanza niliona haya kukufungulia kile kibao, ningekuambia nini kuhusu msumari? Lakini haya si sababu yote. Nilijua nitaondoka, na nilitaka liwe gari ambalo hakuna anayelielewa isipokuwa mimi. Nilitaka lisumbue kidogo, uniandikie, nipande basi la kwanza, nikute watu wote wameshindwa na wewe unaningoja. Nilimwacha mtoto wangu akae chini ya msumari ili mimi nihitajiwe. Nimeliandika hilo mara mbili nikalifuta, hii ni ya tatu, nimeliacha.

Nawe ulipokwama hukuniita. Ulimwita aliye karibu, mwenye mita. Ulifanya sawa. Wivu wangu haujaisha, nisikudanganye, nadhani hata nikija Krismasi nitalizunguka gari lile nikinuna, na wewe utanipa chakula na kunicheka. Lakini kati ya kunicheka na kunilaani kwa yale ambayo yangetokea barabara ya Tengeru, naomba unicheke.

Mpe mama yangu shikamoo, umwambie dawa ya mguu nimeipata, nitaituma kwa kondakta huyu huyu. Kaka yako msalimie, na umwambie namshukuru kwa kukufundisha gari ingawa wakati ule nilikasirika. Mwinjilisti wetu anayetutunzia barua usharikani mpe salamu, na yule shangazi wa ng'ambo ya mfereji anayewaletea maziwa. Ruthi mwambie alisema kweli kuhusu miguu yake, na baba hakumsikia.

Neno la mwisho. Zakaria atakapoutoa msumari huo ataushangaa, na lazima atauliza ni fundi gani aliyefanya hivi. Nakujua, utataka kunisitiri. Utamwambia gari lilikuja hivyo kutoka kwa mzee wa kahawa. Usiseme hivyo. Mtazame usoni umwambie ni mume wako, na kwamba alijua.

Mumeo,
Anaeli