Msichana Anayetazama Saa

Bell Fork, Kentucky
9 Februari 2023

Kwa shemeji yangu Orval,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumai barua hii itakukuta u mzima na mabomba ya nyumba yako hayajaganda. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Mambo ya timu umeyasikia. Wasichana wetu wa mpira wa kikapu wa chuo cha Laurel Fork wamefungwa mechi ya kumi na moja, na wanne kati ya watano wanaoanza wanamaliza masomo Mei. Kila asubuhi pale mezani kwetu, mkahawani kwa Oma, tunapitia majina ya wachezaji wanaosemekana watahama vyuo vyao. Hobart ana daftari zima. Anamtaka msichana mmoja mrefu wa Ohio. Nikamwambia, "Yule ni mrefu kama nguzo ya umeme, na anakimbia kama nguzo ya umeme." Hakunisemesha mpaka Alhamisi.

Sasa binti yangu Twyla, ambaye tangu awe msaidizi wa kocha hana usingizi, ametaja jina kutoka huko kwenu: Jaylene Gray Hawk, wa kile chuo kidogo cha Wagner Bend. Ameona video zake. Mimi video siziamini. Hata mimi ukinikata vipande ukabakiza vizuri tu, nitaonekana kijana. Nenda ukamwone, shemeji. Umekagua mabehewa miaka thelathini na ukajua gurudumu bovu kwa mlio. Ila usimsemeshe, hajaomba kuhama bado, na sheria inakataza watu wetu kuwasiliana naye kabla ya hapo. Kaa, tazama, andika.

Tangu dada yangu Ardith atutoke, barua kutoka kwenu zimekuwa fupi. Yeye alikuwa akinijaza kurasa nne. Jitahidi.

Shemeji yako,
Delmer

*

Wagner Bend, Montana
23 Februari 2023

Kwa shemeji Delmer,

Nimepokea barua yako, na nimeshukuru kwamba kinachokusumbua ni goti na si moyo. Mimi ni mzima. Mabomba yameganda mara moja tu.

Umetaka kurasa nne, zichukue.

Nina miaka arobaini na miwili hapa, tangu mgodi wetu wa huko Kentucky ufungwe na reli ikanipa kazi, na sikuwahi kuingia ukumbi ule. Nilikwenda Jumamosi nikiwa na kofia yangu nyekundu ya Laurel Fork, kwa sababu nyingine sina. Nilidhani nitakuta watu ishirini. Nikakuta sina pa kukaa. Watu wa kwao, Wanakoda, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa wamesafiri maili hamsini juu ya barafu: vikongwe, watoto wa kunyonya, mzee mmoja na mtungi wake wa oksijeni. Bibi mwenye chupa ya kahawa akasogeza koti lake nikakaa.

"Umekuja kumwona nani?" akaniuliza.

"Nimekuja kuota moto."

"Basi hujui ulikokuja. Namba kumi na moja ni mjukuu wangu. Shika kikombe hiki kwa mikono miwili."

Sikujua alichomaanisha na kikombe mpaka dakika ya sita. Jaylene si mrefu, na ukimwona amesimama humdhanii kitu. Alipokea mpira katikati ya uwanja, wasichana wawili wakamzonga. Akainua uso akatazama saa ya ukutani, taratibu, kama mtu anayengoja treni. Waliomzonga nao wakaitazama saa. Mimi pia. Tuliporudisha macho, mpira haukuwa mkononi mwake. Alikuwa ameupitisha nyuma ya mgongo, ukadunda mara moja tu kati ya miguu ya watu wanne, ukamfikia mwenzake chini ya kikapu, peke yake. Na huyo mwenzake, shemeji, mpira ulipotoka hakuwa amefika pale. Ulimtangulia, ukamngoja.

Ukumbi mzima ukanyamaza kwa pumzi moja. Kelele zilikuja baadaye. Kahawa ilinimwagikia magotini.

"Anaonaje?" nikamuuliza yule bibi. Anaitwa Lavonne.

"Ana kaka wanne," akasema. "Kwetu ukitaka kushiba, lazima uione sahani yako bila kuitazama." Kisha akanigeukia. "Wengine wote wamepiga kelele. Wewe mbona hukupiga?"

"Nilisahau."

Akacheka, akanijazia kikombe tena.

Unajua mimi ni msomaji. Neno "butwaa" nimelikuta vitabuni tangu utoto nikadhani nalijua maana. Nililijua Jumamosi ile, nikiwa na miaka sabini na tisa.

Sasa nina ombi, nalo ni zito. Usimwambie Twyla. Duka la viatu limefungwa, reli imepunguza watu nusu, na tangu Ardith afariki sikuwa na mahali pa kwenda Jumamosi. Sasa ninapo. Ninyi mna milima, mna Oma, mna hata Hobart. Mtuachie huyu mmoja.

Halafu, mistari ya barua yako inapanda mlima. Uliandikia juu ya goti?

Shemeji yako,
Orval

*

Bell Fork, Kentucky
6 Machi 2023

Kwa shemeji yangu, mwizi wa dada za watu,

Nakusalimu kwa heshima zote usizostahili. Twyla anakusalimu pia. Hatujambo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ilinichukua siku mbili, na sikujuta. Ile pasi nimeiwaza mpaka nikakosa kituo cha basi nikashukia makaburini.

Ulimchukua dada yetu ukatuambia ni kwa mwaka mmoja. Sasa unataka na mchezaji. Watani zako tumezoea. Nimekubali.

Asubuhi ya jana, Hobart alifungua daftari akauliza, "Haya, shemeji yako wa barafuni anasemaje?" Nikasema, "Anasema msichana ni mzembe. Hatazami anakopeleka mpira." Maneno yako mwenyewe, nimeyapindua kidogo tu. Hobart akamfuta kwa kalamu nyekundu. Twyla akanitazama sana, kisha naye akamfuta. Anamwamini baba yake. Biskuti yangu nikaisukuma kwa Hobart.

Tutamchukua nguzo ya umeme.

Mistari ni kosa la kalamu. Usijali.

Shemeji yako,
Delmer

*

Wagner Bend, Montana
2 Aprili 2023

Kwa shemeji Delmer,

Habari za tangu Machi? Kimya changu kimekuwa kirefu. Huku theluji imeanza kuoza pembeni ya barabara, na mimi afya ni njema.

Msimu umekwisha. Tangu Jumamosi ile sikukosa mechi hata moja. Lavonne ananishikia kiti, na watoto wa kwao wananiita Babu Kofia. Katika mechi ya mwisho Jaylene alitoa pasi kumi na sita zilizozaa vikapu, na mimi sikuiona hata moja ikitoka. Nilijiapiza kila mara: safari hii simtazami usoni, namtazama mikono. Kila mara nikaishia kwenye saa.

Nakushukuru kwa kunyamaza. Lakini nimekaa na barua yako mbele yangu, na sitaki kujifanya. Kalamu mbovu haiandiki mstari mmoja juu ya mwingine. Jina langu kwenye bahasha ulikuwa umeliandika mara mbili, moja limelalia lingine. Na uliposema ilikuchukua siku mbili kuisoma, nilidhani ni utani. Mtu aliyekuwa akimaliza gazeti kabla kahawa haijapoa hasomi kurasa nne kwa siku mbili.

Ardith angekuuliza mara moja tu. Nami nakuuliza mara moja. Una nini?

Shemeji yako,
Orval

*

Bell Fork, Kentucky
19 Aprili 2023

Kwa shemeji Orval,

Salamu. Leo sina mzaha mwingi.

Ni macho. Daktari anasema ni kitu cha uzeeni, hakirudi nyuma. Pembeni naona: mlango, dirisha, mkono wa mtu anayenipa sahani. Katikati pana doa. Nikikutazama usoni, uso haupo. Twyla ninamjua kwa mwendo. Barua zako nazisoma kwa kuziegemeza upande, neno moja moja. Ilianza kiangazi kilichopita, na kila mwezi doa linakula kidogo. Labda msimu ujao bado nitaona kidogo. Ule wa baada yake, hapana.

Twyla anajua, wengine mezani hawajui. Hobart anadhani nimekuwa na majivuno, maana nampita barabarani bila kumsalimu.

Nilikuomba uende ukamwone yule msichana kwa sababu hiyo. Miaka sitini nimekaa safu ya tisa, shemeji, tangu tukiwa vijana watatu, wewe na mimi na Ardith na mfuko wake wa karanga. Nimeona wengi wazuri. Wa kunyamazisha ukumbi sijamwona. Nilitaka mmoja kabla ya giza.

Lakini ahadi ni ahadi, na barua yako niliiona vizuri kuliko mechi nyingi. Inatosha. Usiniandikie kwa huruma, nitaichoma.

Delmer

*

Wagner Bend, Montana
30 Aprili 2023

Kwa shemeji Delmer, na wewe Twyla unayemsomea, msomee pole pole,

Salamu kwenu wote. Nimeandika kwa maandishi makubwa, Delmer asije akapata kisingizio cha kutojaribu mwenyewe.

Siku niliyopata barua yako nilimwandikia Twyla yote: kwamba baba yake hakudanganya kwa nafsi yake, alidanganya kwa ajili yangu, na kwamba yule msichana ndiye mchezaji bora niliyewahi kumwona kwa macho haya. Kisha nikaendesha maili hamsini kwenda kwa Lavonne, nikiwa na hotuba ya toba niliyoitunga njiani. Nilimkuta akishona. Nikamweleza kwamba nilimficha mjukuu wake ili nibaki naye, na kwamba sasa nimemtangaza kwa watu wa mbali.

Alikata uzi kwa meno.

"Babu Kofia," akasema, "ulidhani mlango ameushika nani, wewe? Ameomba kuhama Jumatatu. Nilimpeleka ofisini mwenyewe. Simu imelia mpaka kaka zake wameitupa kwenye kabati la unga."

"Na ninyi mtabaki na nani?"

"Tutabaki na sisi. Njoo Ijumaa."

Nikaenda. Nilitazamia watu wenye huzuni, kama sisi siku mgodi ulipofungwa. Nilikuta ukumbi wa shule umejaa, harufu ya mkate wa kukaanga, na ngoma. Familia ya Jaylene ilisimama katikati ya uwanja na rundo la mablanketi ya kushonwa, kila moja na nyota kubwa ya rangi, kazi ya miezi. Kwao anayeondokewa ndiye anayetoa. Waliita majina: kocha wake wa utotoni, dereva wa basi, mwanamke aliyekuwa akimfulia jezi. Wote wakavishwa mabegani. Kisha wakaita jina langu.

Nimesimama mbele ya watu mara mbili tu maishani, kwenye harusi yangu na kwenye mazishi ya Ardith. Nilivua kofia nikaenda katikati. Jaylene mwenyewe alinifunika. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema. "Bibi anasema wewe ndiye uliyenyamaza," akaniambia. "Kwenu wote wako hivyo?"

Nikamwambia mmoja ninamjua ambaye angenyamaza kunizidi.

Atakwenda wapi sijui. Simu ya Twyla imechelewa na vyuo vikubwa vinampigia. Kosa hilo ni langu. Blanketi nimelitandika upande wa kitanda aliokuwa akilala Ardith, na kila nikiingia chumbani nasimama mlangoni kwanza.

Shemeji yako,
Orval

*

Bell Fork, Kentucky
14 Novemba 2023

Kwa shemeji Orval,

Salamu nyingi. Anayeandika ni Twyla. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapamba. Unisamehe kwa miezi yote hii. Tulikuwa tunazungumza kwa simu, najua, lakini simu si barua, na jambo hili nililiwekea barua.

Jana ilikuwa mechi ya kwanza nyumbani, na ya kwanza kwa Jaylene wenu na jezi yetu. Nilikaa safu ya tisa. Kushoto kwangu kiti kitupu, na nimemwambia mkagua tiketi kwamba kina mtu, yuko njiani, anaogopa ndege. Kulia kwangu Hobart, ambaye sasa anajua na ameamua kunisimulia mchezo. Anasimulia kama mtu anayesoma bei za vitunguu.

"Namba kumi na moja anao," akasema. "Bado anao. Anadunda."

Nilimtazama pale aliposema yupo. Doa tupu. Kelele za watu elfu nne, na katikati yao shimo la kijivu. Shemeji, nitasema ukweli, machozi yalinilenga, nikageuza uso Hobart asione. Niligeukia juu, kwenye saa ya ukutani.

Na pale pembeni, chini ya saa, akaingia. Mzima. Kichwa, mabega, mkono. Wasichana wawili walikuwa wamemzonga. Naye akainua uso, taratibu, akatazama mahali pale pale nilipokuwa nikitazama mimi.

Kisha kimya. Nilikuwa nimekisubiri tangu Februari, na bado sikuwa tayari. Watu elfu nne na husikii hata mtoto. Nilisikia mpira ukidunda mara moja.

Halafu paa likataka kuondoka. Nikamshika Hobart mkono. "Mpira umekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijui, Delmer. Alikuwa anatazama saa."

Nikamwambia ulikokwenda. Nyuma ya mgongo, kushoto, chini, mpaka kwa nguzo yake ya umeme. Nilikuwa nimeuona njia nzima.

Shemeji yako,
Delmer