Nishani za Upande wa Kulia

Sparkbrook, Birmingham, Novemba 2004. Mwaka wa thelathini na moja tangu niiache Tanga.

Mjukuu wangu Zuhura,

Pokea salamu zetu. Goti la bibi yako lina nafuu, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama yule Meja Mwaustralia, mwenye ghala la katani, aliiba kweli nishani zake, maana binti yake amefika huko na watu wanamnong'ona.

Nilikuwa karani wake. Sikumwamini, kwa kuwa hakuzungumzia vita kamwe, ila kunitajia mara moja tu kwamba kaka yake alifia huko. Asubuhi moja kila mwaka alivaa nishani, tatu kushoto na mbili kulia. Nikamwuliza mjomba wangu, askari mstaafu.

"Wee, nishani ni kushoto tu!" akacheka. "Hizo za kulia kaziiba huyo. Chunga kalamu yako!"

Nikalipeleka neno ghalani. Makuli wakambandika jina, Meja Mdokozi. Alilisikia, akanyamaza, nami nikauona ukimya wake kuwa ushahidi.

Wiki iliyopita jirani yangu mjane alikuwa akienda kuwakumbuka waliokufa vitani, nishani kifuani upande wa kulia. Nilimtazama kwa shaka ileile.

"Ni za marehemu mume wangu," akasema. "Aliyetunukiwa mwenyewe ndiye huvaa kushoto; sisi jamaa zake huvaa kulia."

Ndipo nilipomkumbuka kaka yake Meja, aliyefia vitani.

Mwambie binti wa Meja kwamba uvumi ule ulianzia kwangu, na umtajie jina langu. Ningependa kumwambia mwenyewe, lakini sitarudi Tanga.

Babu yako