Zamu ya Kumpeleka Mama Jael Zahanati

KUNDI LA HURUMA, MUSANDA

Kumbukumbu za kikao cha nne, Jumanne tarehe 12 Novemba 1996, nyumbani kwa mgonjwa wetu, Mama Jael Nabwire. Kikao kiliitwa saa tatu asubuhi. Kilianza saa nne na dakika ishirini.

Waliohudhuria:
Bw. Isaiah Shikanga – Mwenyekiti
Mwl. Dinah Awinja – Makamu wa Mwenyekiti
Bw. Sylvanus Wesonga – Mjumbe
Bi. Roda Naliaka – Katibu

Asiyehudhuria:
Bw. Griffin Makokha – Mjumbe. Hakutuma neno. Katibu alipopita sokoni asubuhi alimwona akinyolewa.

Mama Jael si mjumbe. Alikuwa jikoni.

KUMB. NA. 1/4/96: KUFUNGUA

Bw. Sylvanus alifungua kwa sala. Sala iliwataja wagonjwa wa tarafa nzima na ilichukua dakika kumi na tano. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuacha shughuli zao nyingi na kuja kumkumbuka mgonjwa.

KUMB. NA. 2/4/96: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU

Zilisomwa. Mwenyekiti alisema zina upungufu, kwani hazikuonyesha kwamba katika kikao hicho firigisi ya kuku ilipewa Bw. Sylvanus, hali yeye Mwenyekiti yupo na ni mkubwa kwa umri. Bw. Sylvanus alijibu kwamba hakuiomba, aliikuta kwenye sahani yake. Mwenyekiti alisema mtu mwenye adabu angeirudisha. Jambo hili lilichukua dakika ishirini na tano. Katibu aliamriwa aliandike, na ameliandika.

KUMB. NA. 3/4/96: ZAMU

Katibu alisoma azimio la kikao cha kwanza: kwamba mguu wa kushoto wa Mama Jael, uliochomwa na kisiki cha muwa mwezi wa Agosti, usafishwe na kufungwa dawa kila Jumanne na Ijumaa, kwamba muuguzi ameonya kidonda kikiachwa kitaoza, na kwamba kwa kuwa wanawe wawili wameajiriwa Mombasa, naye hawezi kutembea mwendo ule, wajumbe watano watampeleka zahanati kwa zamu.

Kisha katibu alisoma daftari la zamu. Tangu tarehe 24 Septemba hadi Ijumaa iliyopita mgonjwa alipaswa kupelekwa mara kumi na nne. Amepelekwa mara tatu: mara moja na Mwenyekiti, mara moja na Makamu, na mara moja na katibu, tarehe 29 Oktoba. Katibu mwenyewe amekosa zamu mbili kwa ajili ya cherehani yake na sare za shule, na anaandika hivyo kwa mkono wake ili isisemwe anawaanika wenzake na kujificha.

Mwenyekiti alieleza kwamba miwa yake imekatwa tangu Alhamisi, imelala shambani inakauka, na trekta haijaja. Kwa hiyo hawezi kuondoka nyumbani hata kwa saa moja, maana trekta ikipita bila kumkuta itapakia ya jirani. Katibu aliuliza leo ameondokaje. Mwenyekiti alijibu kwamba hiki ni kikao.

Makamu alieleza kwamba mwalimu mkuu humpa ruhusa ya kuhudhuria kikao kwa sababu kikao kina barua. Kumsindikiza mgonjwa hakuna barua. Katibu alisema anaweza kumwandikia barua hiyo hata sasa. Makamu alisema mambo ya ofisini hayaendi kwa haraka hivyo.

Bw. Sylvanus alieleza kwamba yeye humwombea Mama Jael kila alfajiri bila kukosa, na hiyo nayo ihesabiwe kuwa zamu. Daftari halina safu ya maombi.

Katibu alikumbusha kwamba Jumanne asubuhi ilichaguliwa kuwa siku ya kikao kwa sababu ndiyo siku ambayo wajumbe wote walisema wana nafasi ya kumpeleka mgonjwa. Nafasi ile ile sasa inaliwa na kikao. Alisema limemkera sana. Mwenyekiti alimtaka azungumze kwa heshima.

Bw. Sylvanus alipendekeza iundwe kamati ndogo ya kuchunguza kwa nini wajumbe wanakosa nafasi. Makamu aliunga mkono. Katibu aliuliza ni akina nani watakaokaa katika kamati hiyo. Ikaonekana ni hawa hawa wanne. Pendekezo lilipita kwa kura tatu dhidi ya moja.

KUMB. NA. 4/4/96: KUKU

Katibu alieleza kwamba Mama Jael alikuwa na kuku sita mwezi wa Septemba. Kila kikao kinapofanyika hapa yeye huchinja mmoja, kwa kuwa kwetu mgeni haondoki bila kuonja ingokho. Leo amechinja wa nne. Kwa hiyo kundi lililoundwa kumsaidia linammaliza. Alipendekeza vikao vihamie kanisani.

Mwenyekiti alipinga. Alisema kukataa kuku wa mwenye nyumba ni kumtukana, na kwamba mgonjwa hufurahi akiona bado ana faida kwa watu.

Wakati huo Mama Jael aliingia na birika la maji ya kunawa, ameshika ukuta kwa mkono mwingine. Mwenyekiti alimtaka atoe maoni yake. Alisema: "Mimi sijakataa wageni, Mzee Shikanga. Lakini nyinyi mnakujanga kukaa. Mimi nasimama kwa jiko, hii mguu inauma mpaka naona giza. Sasa leo ni Jumanne. Nani ananipeleka?"

Mwenyekiti alimshukuru kwa swali zuri, akamweleza kwamba limo katika ajenda, ni la tano. Mama Jael alisema sawa, akatoka.

KUMB. NA. 5/4/96: NANI ANAMPELEKA MGONJWA LEO

Ajenda hii ilifikiwa saa sita na dakika tano. Zahanati huacha kufunga vidonda saa saba.

Daftari lilionyesha kwamba zamu ya leo ni ya Bw. Griffin. Kwa kauli moja iliazimiwa aandikiwe barua ya onyo. Katibu aliagizwa aiandike papo hapo. Aliiandika, akaisoma. Makamu alisema neno "mzembe" ni kali. Bw. Sylvanus alisema halitoshi. Likajadiliwa. Hakuna aliyesimama.

Makamu alikwenda jikoni kuangalia kama chakula ki tayari. Alirudi akasema kuku amefunikwa, na obusuma, yaani ugali, bado ni wa moto, ila Mama Jael hayupo wala fimbo yake haipo. Mwenyekiti alisema huenda amekwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Katibu alifunga daftari. Mwenyekiti alimwambia aketi, kikao hakijafungwa. Katibu hakuketi. Alichukua baiskeli ya Mwenyekiti iliyokuwa imeegemezwa ukutani, bila idhini. Hili linaandikwa ili lisisemwe limefichwa.

KUMB. NA. 6/4/96: YALIYOTOKEA NJIANI NA ZAHANATI
(Imeandikwa kwenye benchi la zahanati.)

Katibu alimkuta Mama Jael nusu ya njia, ameketi chini kando ya shamba la miwa, ndala yake ya kushoto imelowa damu. Alipoulizwa kwa nini hakusema anaondoka, alijibu: "Sikutaka kuwaharibia mkutano, mwanangu."

Alipandishwa kwenye baiskeli. Walifika saa saba kasoro dakika nne.

Muuguzi, Bi. Chepkemoi, alifungua kitambaa na kusema ni kile kile alichokifunga yeye tarehe 29 Oktoba. Alisema vidole viwili haviwezi kuokolewa, na ili mguu upone inabidi mgonjwa apelekwe hospitali kesho, na awe na mtu wa kukaa naye huko kwa muda wa wiki mbili.

Muuguzi aliuliza kwa ukali ni nani anayemwangalia mama huyu. Katibu alitaka kusema ni Kundi la Huruma. Mama Jael alijibu kwa niaba yake: "Ni hawa wa kanisa. Ni watu wazuri, daktari. Tu wako na kazi mingi."

Katibu aliona aibu, na anataka neno hilo libaki kama lilivyo. Aliandika jina lake kwenye daftari la zamu kwa wiki zote mbili.

KUFUNGA

Kikao hakikufungwa rasmi. Katibu aliondoka saa sita na dakika ishirini na tano. Amearifiwa kwamba wajumbe watatu walibaki mpaka saa nane, na kwamba walikula.

Sahihi ya Katibu: Roda Naliaka, 12/11/96

Sahihi ya Mwenyekiti: Alipelekewa kumbukumbu hizi nyumbani jioni, pamoja na baiskeli yake. Alisema atazisoma akipata nafasi.