Boksi ya Barafu ya Akinyi

Alhamisi, makambi ya kanisa, Rangwe

Eti Akinyi ana akili. Mama mkwe wetu ameyasema hayo mara tatu leo, kwa sababu huyu mke wa shemeji yangu amekuja makambi na boksi kubwa ya barafu, ile ya wauza samaki. Nyama yake mbichi imelala humo tangu Jumatatu. Yangu ni aliya, niliikata na kuianika juani wiki nzima, na hakuna hata aliyeitazama.

Basi kila aliyelalamika kiu nilimwambia, "Enda kwa Akinyi, kuna maji baridi." Kifuniko kilifunguliwa kutwa nzima. Nilijua ninachofanya.

Kufika jioni barafu ilikuwa imeyeyuka yote na nyama inanuka. Akinyi alikuja kwa hema yangu karibu kulia. "Dada, mama atakula nini?"

Nikampa nusu ya aliya. Akaipika na karanga ya kusaga. Mama mkwe akala, akalamba vidole. "Akinyi, kumbe hata aliya unaiweza!"

Nikangoja Akinyi azipokee hizo sifa. Akasema mbele ya wote, "Mama, hii ni ya dada. Ameniokoa."

Sasa hata kwa wema amenishinda.