Darasa Haliendi Lenyewe, Mama

Mama,

Mjomba Barasa amelifunga darasa lako. Nakwambia mapema, usije ukasikia kwa wengine huko uliko.

Baada ya kukuzika, kamati ya chama chetu cha Wakenya ilikaa hapa nyumbani kwetu Hallunda, huku Uswidi, ikanywa chai yako yote, kisha Mjomba, mwenyekiti, akasimama na kile Kiingereza chake cha kuvalia tai. Akasema darasa la fizikia la Jumamosi sasa "is just running on inertia". Yaani linajiendea tu kwa mazoea, mwenye nalo hayupo, heri lifungwe kwa heshima. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimebeba sinia, nikaendelea kukusanya vikombe. Hasira ilinipanda nilipofika jikoni.

Maana neno hilo ulitufundisha kwa vikombe. Katika kile chumba cha chini, kando ya mashine za kufulia za jengo, ulitandika leso mezani, ukapanga vikombe vya chai, ukaichomoa leso kwa mkupuo mmoja. Vikombe vikabaki vimesimama. Watoto wakakuuliza kwa Kiswidi, ukawajibu kwa Kiswahili: kilichotulia kinataka kutulia, kinachokwenda kinataka kwenda, na huo si uvivu. Lakini duniani kuna msuguano, ulisema. Ukiona kitu kinaendelea kwenda sakafuni, ujue kuna anayekisukuma.

Ulikuwa ukisukuma wewe. Wiki nzima ulifundisha shuleni kule Tensta, na Jumamosi, badala ya kulala, ukashuka ngazi na birika.

Basi Jumamosi iliyofuata nikashuka mimi. Nikajaribu leso. Niliogopa kuvunja vikombe vyako, nikavuta polepole, vyote vikanifuata, chai ikatulowesha suruali. Nilikusikia kabisa: "Ukivuta kwa woga, vikombe vinakufuata." Watoto walicheka mpaka wakaniambukiza. Sikuwa nimecheka tangu uondoke. Tukapangusa meza, tukafanya hesabu za msuguano hadi njaa ikatuuma.

Mjomba alipopata habari alikuja kuchukua ufunguo. Simchukii, Mama. Anakulilia kwa namna yake, anataka kila kilicho chako kifungwe vizuri, kisiguswe tena. Ila neno alilikosea, na kuhusu nani wa kulisukuma darasa pia alikosea. Ufunguo nilimpa. Nikamwambia chumba ni cha jengo, darasa si la jengo. Akaniita mkaidi kama mamangu, nikamshukuru.

Sasa kuna hili, na usinikasirikie. Chumba chako cha kulala sikuwa nimekigusa. Shuka zilikuwa zilezile, mto bado una harufu ya mafuta yako ya nazi, na kila nikitoka kazini nilikuwa nakaa pale ukingoni mwa kitanda, basi, nimekaa tu. Leo nimekitandua. Nimelia, sikufichi, nimelia kwa sauti hadi jirani akagonga mlango, na Waswidi hawagongi mlango ovyo. Akanisaidia kukifungua kitanda. Mahali pake tumeweka meza, na viti amenipa yeye.

Lala salama, Mama. Nakuahidi darasa litaendelea, kwa sababu nitalisukuma mimi, na nikichoka nitapumzika kidogo kisha nisukume tena. Jumamosi watoto watavua viatu mlangoni, waingie chumbani kwako. Wa kwanza kuniambia kwamba atakuja ni binti yake Mjomba.

Mwanao,
Nekesa