Usishike Kioo

Jumapili, 3 Machi

Leo nimevunja miwani ya Mzee.

Tangu mume wangu afariki, nesi akanikabidhi kile kifuko chake pale wodini — saa, kitana, miwani ndani ya kasha lake — sikuwa nimekifungua. Leo mchana, baada ya kuanika nguo, nikakaa kitandani upande wake nikafungua kasha. Nikaivaa. Nilitaka tu kujua alikuwa ananionaje. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati: ukungu mtupu, mwanamke wa moshi. Bila shaka. Macho yangu mazima, yake yalikuwa mabovu. Tungewezaje kuona kitu kimoja? Nikajilaza nayo hivyo hivyo usoni, usingizi ukanichukua. Nilipogeuka nikasikia tak.

Imekatika katikati, pale inapokaa puani. Vipande viwili, kila kimoja na jicho lake.

Na wala si yangu. Hilo ndilo linalonikata maini. Mzee alisema kwa mdomo wake: nguo zangu gawaneni mnavyotaka, lakini miwani mpeni mdogo wangu, macho yetu ni mamoja. Shemeji anakuja kuichukua Jumapili ijayo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aje.

Jumatatu, 4 Machi

Nimejaribu plasta, ile ya kidonda. Nimeizungusha katikati, ikashika. Kuivaa tu ikalegea — jicho moja linatazama dari, jingine sakafu, kama mlevi. Nimeibandua. Imeacha utomvu unaonata.

Nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni kazini. Wiki hii tunapiga pasi mashuka ya hoteli, kazi isiyohitaji mtu kufikiri, bahati nzuri. Redio akaniona naitoa naitazama. (Redio ni mwenzangu wa meza ya pili. Jina tulimpa kwa sababu hazimwi.) Akataka habari yote. Nikampa.

"Mwenzangu! Umelalia macho ya marehemu?"

Akacheka peke yake. Alipoona mimi sicheki akaweka pasi wima, akaja kunishika bega. Redio, kimya! Mpaka bosi akachungulia kuona kuna nini.

Jioni nimeikagua vizuri. Mkono wa kushoto bado una ule waya wake. Siku ile skrubu ilidondoka, akapiga magoti kuitafuta kwa viganja. Bila miwani haoni skrubu, bila skrubu hana miwani. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mwisho akapitisha uzi wa shaba toka kwenye waya wa umeme, akausokota, akaukata, kisha akadondoshea nta ya mshumaa kwenye ncha isimchome kipaji cha uso. Nta ipo mpaka leo. Imekuwa rangi ya sikio lake.

Jumatano, 6 Machi

Nimeishona.

Nilipasha sindano jikoni mpaka ikawa nyekundu, nikatoboa tundu mbili kila upande wa pale ilipokatika, nikapitisha uzi wa nailoni kama ninavyoshona kifungo. Kwa macho ni kazi safi. Ukiigusa inacheza kama jino la mtoto.

Nilipotoka kazini nikapitia pale kona anaposhonea viatu shemeji. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamkuta ameinamia kiatu, pua inakaribia kugusa soli. Kidole cha shahada kimefungwa kitambaa, na kitambaa kina damu.

"Karibu shemeji. Usishtuke. Jana nilishona soli pamoja na kidole. Mteja anadai nimemchelewesha, mimi nadai kidole changu."

Nikamuuliza kwa nini asipumzike. Akasema akipumzika wateja hawapumziki, wanahamia kwa yule wa ng'ambo ya barabara, tena wengine wameshahama. Kisha akanyoosha mgongo, akasema anahesabu tu Jumapili ifike. Kwamba kaka alimwachia macho, wengine huachiwa mashamba wakagombana.

Nikasema ndiyo shemeji, Jumapili. Nikaondoka na ukweli wangu mdomoni kama pipi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekumbuka! Vile alivyokuwa anaziba nyufa za viti. Gundi kali, ile ya kichupa kidogo inayoshika papo hapo, na vumbi la mbao juu yake. Vikikauka vinakuwa mfupa. Alisema kiti chake hakivunjiki tena pale pale, kitatafuta pengine.

Gundi nimenunua. Vumbi la mbao — koti lake la kazi linaning'inia nyuma ya mlango. Sijalifua, wala sina nia. Nikageuza mfuko wa kushoto nje. Lilikuwemo, laini, limejikusanya kwenye mshono wa chini. Nikalinusa kwanza. Halafu nikachukua kidogo tu, kiasi cha chumvi ya mboga, lililobaki nikalirudisha mfukoni.

Nimekata uzi, nimekutanisha vipande, nimedondosha gundi, nimenyunyiza vumbi. Kamoshi kadogo kakapanda, kakanichoma macho. Nikapaka tena, nikanyunyiza tena. Muda wote nimeshika mikono ya miwani, sikugusa kioo. Hiyo ni tabia yangu siku zote.

"Ukishapaka, funika, vumbi lisiguse." Hayo ni maneno yake kwa kila alichokipaka rangi au vanishi. Basi nimefunika. Nimeiweka ndani ya kopo la biskuti, nimekaza kifuniko, nimelisogeza karibu na jiko ambalo bado lina joto ipate kukauka upesi.

Kwa mara ya kwanza wiki hii nimekula nikashiba.

Ijumaa, 8 Machi

Imeshika. Fremu ni ngumu kama mfupa, kama alivyosema.

Lakini vioo vimeharibika. Nilipofungua kopo vyote viwili vilikuwa vyeupe, kama mtu amevipumulia pumzi ya asubuhi na pumzi ikagoma kuondoka. Moshi wa gundi ulikosa pa kutokea, ukalala juu ya vioo. Kabati likifunikwa halipati madhara, kiti hakipati madhara. Miwani imepata. Mzee hakuwahi kufunika miwani.

Nikakaa chini nikalia. Si kwa ajili ya miwani tu.

Kisha nikaipeleka dirishani. Kioo cha kulia, upande wa juu karibu na pua. Kuna kidole.

Kidole gumba. Mistari myeupe, duara ndani ya duara, kama gogo lililokatwa ukalitazama kichwani. Na katikati, mstari mtupu umeikata yote kwa mshazari.

Lile kovu. Msumeno ulimkata gumba tukiwa wachumba, alikuwa ananitengenezea kabati.

Nilishikilia ukingo wa dirisha.

Nilichelewa kazini, nikamwonyesha Redio. Akaigeuza kwenye mwanga. Akasema ndivyo wanavyofanya kwenye sinema za polisi — wanafukiza moshi wa gundi, alama za vidole zinajitokeza zenyewe, mwizi anakamatwa. "Basi naye amekamatwa," akasema. Halafu akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga.

Miaka yote nilimgombeza. Akivua miwani alikuwa anaishika usoni, gumba hapa, kidole cha shahada kule. Shika mkono, usishike kioo! Naye: "Kwani kioo kinaumia?" Kila jioni nikaifuta kwa pindo la gauni. Vidole vyake vyote nilivifuta mimi mwenyewe, jioni baada ya jioni, nikidhani nasafisha.

Hiki kimoja kimebaki kwa sababu kule wodini sikuwa na ruhusa ya kulala, na jioni ya mwisho hakuna aliyeifuta.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda duka la miwani. Kabla sijamaliza kusalimia, mwenye duka ameshaichukua, ameshapulizia dawa, kitambaa kinakaribia kioo. Nikamdaka kiganja. Mbele ya wateja.

"Mama, nasafisha tu."

"Usisafishe."

Akaweka kitambaa chini. Ni mtu mzima, mpole. Nikamweleza kidogo, si yote. Akaikagua fremu, akauliza nani ameunga hapa. Nikasema mimi na mume wangu.

Ukungu unatoka, akasema. Hiki ni kioo chenyewe cha zamani, si plastiki, hakiharibiki. Pamba na dawa ya kutoa rangi ya kucha, taratibu, isiguse gundi. Nikamuuliza kama anaweza kutoa ukungu akaacha kidole.

Akatikisa kichwa. "Mama yangu, ukungu na kidole ni kitu kimoja. Kikitoka, kimetoka chote."

Nikaulizia kioo kingine kama hicho, nibadilishe. Akafungua droo, akafunga droo. Cha nguvu ile hana. Akiagiza ni miezi, na kwa vioo vizito namna ile huenda wasimletee kabisa. Nikauliza, na shemeji akifanya kazi kwa jicho moja? Atachoma kidole kingine, akasema, mtu hashoni kwa nusu ya macho.

Binti yangu kanipigia simu jioni. Mama, piga picha, picha itabaki. Nikapiga nyingi. Nimezitazama zote: dirisha, simu, kichwa changu. Kidole hakionekani, kimekuwa doa tu. Ukitaka kukiona ni lazima uishike mwenyewe uigeuze kwenye mwanga.

Nilifikiri kumwambia shemeji imepotea. Au imevunjika, haiungiki. Nusu ni kweli. Lakini Mzee alipotamka yale maneno alikuwa hana pumzi ya kupoteza. Alichagua kuitumia kwa ajili ya mdogo wake.

Redio amenipa kichupa chake cha dawa ya kucha. Hakuniambia nifanye nini. Yeye!

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nimemwagia dawa kwenye pamba. Nikaanza na kioo cha kushoto, kisicho na kidole. Mpito mmoja, ukungu umekwisha, kimeng'aa. Nikageuza cha kulia. Pamba ikafika karibu. Nikairudisha.

Nikasema nitafanya nikimaliza kufagia. Nikafagia. Nikasema nikimaliza vyombo.

Shemeji amefika kabla ya vyombo. Amekaa kwenye kile kiti cha Mzee karibu na dirisha. Hajui kwamba hakijakaliwa tangu afariki, na sikumwambia. Kidole cha shahada bado kimefungwa, na sasa na cha kati. Ameniletea viatu vyangu vya kazini, nilimpa soli zikiwa zimeachama.

"Usivitazame kwa karibu, shemeji. Mimi mwenyewe sikuweza."

Nimevitazama. Ushonaji umeanza vizuri kisigino, ukafika katikati ukapotea njia kama sisimizi waliopulizwa. Huyu ndiye aliyekuwa anashonea watu viatu vya harusi. Nikamwambia vimetoka vizuri sana. Akacheka, akasema kaka pia alikuwa anamdanganya hivyo hivyo.

Nikamwambia asubiri kidogo, kuna kitu namalizia kwenye miwani. Nimeingia chumbani kuchukua pamba na kichupa. Kasha nikaliacha mezani kule kwake. Sijui kama nilisahau.

Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Pazia la mlango limeacha upenyo, namwona. Amefungua kasha. Amegusa pale katikati penye vumbi la mbao, amepakuna kidogo kwa ukucha. Ameivaa. Amechukua kiatu changu, amekiweka mbali kama mtu mwenye macho, ameutazama ushonaji wake. Amefumba jicho la kulia. Ameutazama tena.

Ameona alichokifanya. Nimejua kwa jinsi alivyokiweka chini.

Kisha ameivua. Kwa kioo. Gumba hapa, kidole cha shahada na kitambaa chake kule, moja kwa moja toka usoni. Kabla sijafikiri nimesikia sauti yangu inapita pazia: "Shika mkono, usishike kioo!"

"Samahani, shemeji. Mama alitugombeza na kaka mpaka akachoka. Sikujua na wewe ulirithi."

Nimecheka. Kweli nimecheka, humu ndani peke yangu, dawa ya kucha inanichoma pua.

Sasa ameigeuza kwenye dirisha. Anautafuta ukungu uko upande gani. Ameileta karibu, karibu zaidi, kama anavyosogelea soli. Mguu uliokuwa unatikisika umetulia.

"Shemeji."

"Abee."

"Hiki kidole cha nani?"

Pamba ninayo mkono wa kushoto, ya baridi. Imeanza kukauka.